Mwogaji wa Renoir: Picha Mbili, Akina Clark Wawili

Ukiitafuta picha ya Pierre-Auguste Renoir iitwayo La Baigneuse blonde, yaani mwogaji mwenye nywele za dhahabu, utaonyeshwa mwanamke kijana aliyeketi uchi kando ya bahari, nywele zake za dhahabu zimemwagika mabegani, kitambaa cheupe kimemfunika mapajani. Utaambiwa iko Marekani. Ukitafuta tena utaambiwa iko Italia. Utasoma kwamba iliwahi kuwa mali ya Clark, tajiri na mkusanyaji mashuhuri wa sanaa, ila mahali pamoja Clark huyo ni Mmarekani na mahali pengine ni Mwingereza. Hakuna aliyedanganya. Picha ni mbili, na akina Clark ni wawili wasiokuwa wa ukoo mmoja.

Ya kwanza ina tarehe ya 1881. Iko katika jumba la Clark Art Institute, kwenye mji mdogo wa Williamstown, jimbo la Massachusetts. Ya pili ni ya 1882 na iko Pinacoteca Agnelli, mjini Torino. Vipimo havipishani sana: ile ya Marekani ina kimo cha sentimita 82 hivi na upana wa 65, na ile ya Torino imerefuka kidogo, karibu 90 kwa 63. Mwanamke ni yuleyule na mkao ni uleule. Ndiyo maana hata waandishi makini huzichanganya, wakamhusisha mwenye picha moja na sifa za picha nyingine.

Kinachozitenganisha vizuri ni historia ya umiliki. Kila picha yenye thamani huandikiwa orodha ya mikono iliyopitia tangu ilipotoka kwa mchoraji: nani aliinunua, kwa dalali gani, iliuzwa mnadani lini, ikarithiwa na nani. Katika makumbusho orodha hiyo huchapwa kwa herufi ndogo, na wageni wengi huipita. Mimi naiona kuwa ndiyo ya kusomwa kwanza, kwa sababu ndiyo inayotuambia tunatazama kitu gani, kimefikaje hapo, na kama aliyekishika ana haki nacho.

Tuanzie kwa mchoraji. Mwaka 1881 Renoir alikuwa na umri wa miaka 40 na jina lake lilikuwa limeanza kupanda. Alikuwa mmoja wa walioonyesha kazi zao Paris mwaka 1874, katika maonyesho yaliyowapatia jina la Waimpreshonisti: wachoraji waliotoka nje ya studio, wakakimbizana na mwanga kabla haujabadilika, wakaacha alama za brashi zionekane wazi. Lakini yeye mwenyewe hakuwa ametulia. Baadaye alisimulia kwamba alihisi amefika mwisho wa njia ile, akajiona hajui kupaka rangi wala kuchora mistari. Mapema mwaka 1881 alikwenda Algeria, na vuli ilipofika akaenda Italia: Venice, Florence, Roma, Napoli. Roma ilimgeuza. Aliziona picha za ukutani za Raphael, bingwa wa kale wa uchoraji wa Italia, na kutoka Napoli mwezi Novemba akamwandikia dalali wake barua akisema ni nzuri mno na kwamba alipaswa kuziona mapema zaidi. Napoli kwenyewe akazitazama picha za kale zilizotolewa Pompeii, mji wa Warumi uliofukiwa na volkano.

Mwogaji ni zao la safari hiyo, na mshtuko wake unaonekana ndani ya picha. Bahari na majabali ya nyuma yamepakwa kwa mkono wa Mwimpreshonisti, brashi ikienda mbio, rangi juu ya rangi. Mwili ni habari nyingine. Umekaa kama piramidi, kingo zake ni wazi, ngozi imelainishwa kwa subira kama ya mafundi wa zamani. Lugha mbili za uchoraji zimekutanishwa kwenye kitambaa kimoja, na mpaka wake unaweza kuufuata kwa jicho, palepale bega linapokutana na maji. Inasimuliwa kwamba Renoir alichora ndani ya mashua, katika ghuba ya Napoli, juani. Naona vigumu kuamini kwamba kazi yote ilikamilika majini. Ule ulaini wa ngozi unadai meza, kivuli na muda. Ila mwanga wa bahari aliupata kweli, hilo halina shaka.

Mwanamke anatambuliwa na wasomi wengi kuwa Aline Charigot, aliyesafiri naye Italia. Alikuwa mshonaji wa nguo kutoka kijiji cha Essoyes, miaka kumi na minane mdogo kwa Renoir. Kidoleni ana pete ya dhahabu. Jambo hilo limezua maelezo mengi, kwa kuwa Renoir na Aline walifunga ndoa mwaka 1890, baada ya mtoto wao wa kwanza, Pierre, kuzaliwa mwaka 1885. Wapo wanaosema pete ile ni tangazo la kimya kwamba safari ya Italia ilikuwa fungate yao. Inawezekana. Sanaa ya wakati ule ilijaa miungu wa kike wanaooga, na kumvika mmoja wao pete ya mke ni kumshusha kutoka hadithini akawa mtu wa nyumbani. Na nyumbani kwa Renoir sindano haikuwa ngeni: baba yake alikuwa mshona nguo na mama yake pia alishona. Msomaji akumbuke jambo hilo la sindano, maana litajitokeza tena kwenye orodha ya wamiliki kwa namna ambayo Renoir hakuweza kuitabiri.

Kabla hatujaifuata picha ya kwanza, inafaa kujua orodha ya namna hii husomwaje. Makumbusho mengi ya Marekani hufuata kanuni iliyofichwa kwenye alama za uandishi. Nukta-mkato baina ya majina mawili ina maana kwamba picha ilitoka moja kwa moja kwa wa kwanza kwenda kwa wa pili. Nukta kamili ina maana kwamba pana pengo, na haijulikani picha ilikuwa wapi katikati. Jina likiwa ndani ya mabano, mara nyingi huyo ni dalali na si mkusanyaji. Msomaji anayejua hayo anaweza kutazama mistari mitatu ya herufi ndogo akaona palipo imara na palipo na tundu.

Ushahidi wa kujaza mistari hiyo hutoka sehemu nyingi: madaftari ya mali ya madalali, katalogi za minada zenye bei zilizoandikwa pembeni kwa kalamu, barua, picha za vyumba vya watu, hati za mirathi, na vibandiko nyuma ya fremu. Wakati mwingine hutoka usoni mwa picha yenyewe. Hapa tuna bahati. Kwenye kona ya juu ya mwogaji wa Williamstown, Renoir ameandika kwa mkono wake kwamba ni kwa Monsieur H. Vever, akatia sahihi na mwaka. Ukikuta nakala ya picha kitabuni au mtandaoni na hujui ni ipi kati ya mbili, tazama kona hiyo.

Henri Vever alikuwa sonara wa Paris, mkuu wa nyumba ya vito iliyoshinda tuzo kubwa katika Maonyesho ya Dunia ya 1889 na 1900. Alikuwa na jicho lisiloshiba. Alikusanya Waimpreshonisti, alikusanya maelfu ya chapa za mbao za Kijapani, nyingi sasa zikiwa Makumbusho ya Taifa ya Tokyo, na alikusanya kurasa na vitabu vya picha vya Uajemi na nchi za Kiislamu ambavyo leo viko Washington. Lakini tuwe waangalifu na maandishi yale ya kona. Maneno ya heshima si hati ya mauzo. Yanatuambia mchoraji alitaka kumtukuza nani. Hayatuambii picha ilikabidhiwa siku gani, ilitolewa bure au ililipiwa, wala hayalazimu kwamba jina na mwaka viliandikwa siku moja. Mchoraji aweza kumaliza picha leo, akakaa nayo miaka, kisha akaongeza jina la mtu siku inapoondoka. Tena jina kubaki juu ya picha hakumzuii mwenyewe kuiuza. Vever aliuza sehemu kubwa ya picha zake kwa mnada mjini Paris tarehe 1 na 2 Februari 1897.

Mtu anayeunganisha karibu kila kitu katika hadithi hii ni dalali: Paul Durand-Ruel. Ndiye aliyeandikiwa barua ile ya Napoli. Alianza kumnunua Renoir mwaka 1872, wakati ambapo picha za kundi lile zilichekwa hadharani, na katika maisha yake zilipita mikononi mwake picha za Renoir takriban 1,500. Hakuwa akisubiri mteja ndipo anunue. Alinunua kwa wingi, akaweka akiba, akakopa benki, akawalipa wachoraji fedha za kujikimu. Benki ya Union Générale iliyomkopesha ilipoanguka mwanzoni mwa 1882, wakati Renoir angali safarini, nusura naye aanguke.

Wokovu wake ulikuwa ng'ambo. Mwaka 1886 alipeleka New York shehena ya picha kama 300, na mwaka uliofuata akafungua duka huko. Wamarekani waliokuwa na fedha mpya za reli, sukari na viwanda walinunua bila kungoja ruhusa ya wakosoaji wa Paris. Kikwazo kilikuwa forodhani: tangu 1883 picha za kigeni zilitozwa ushuru wa asilimia 30. Viwango vilipanda na kushuka kwa miaka mingi, hata mwaka 1909 picha zenye umri wa zaidi ya miaka 20 zikaondolewa ushuru, na 1913 mpya nazo zikafuata. Ukijiuliza kwa nini Waimpreshonisti wengi kiasi kile wako Boston, Chicago na Philadelphia, jibu kubwa liko katika sentensi hizo chache za sheria ya forodha, pamoja na duka la mtu mmoja.

Ni kupitia nyumba hiyo ya Durand-Ruel ndipo mwogaji wa 1881 alipomfikia mwaka 1926 Robert Sterling Clark. Huyu ndiye Clark wa kwanza. Fedha zake zilitoka kwenye cherehani. Babu yake, Edward Clark, alikuwa wakili aliyeingia ubia na fundi Isaac Singer mwaka 1851. Singer alileta mashine. Clark alileta akili ya biashara, na katika miaka ya 1850 akabuni utaratibu wa kumwachia mama wa nyumbani achukue cherehani na kuilipa kidogo kidogo kila mwezi. Utaratibu huo ndio ulioisambaza mashine duniani kote. Cherehani nyeusi yenye maandishi ya dhahabu ambayo wasomaji wengi wa makala haya wameiona barazani kwa fundi, Mombasa, Ujiji au Bukavu, ni mali ya jina lilelile. Faida yake ilinunua picha ya mshonaji aliyechorwa na mtoto wa mshoni.

Sterling Clark mwenyewe alikuwa mtu wa peke yake. Aliwahi kuwa askari nchini China na Ufilipino, akaongoza msafara wa uchunguzi kaskazini mwa China mwaka 1908 na 1909, kisha akahamia Paris, akamwoa Francine Clary, aliyekuwa mwigizaji wa jukwaani. Aligombana na ndugu zake juu ya mali ya familia mwanzoni mwa miaka ya 1920, na yeye na mdogo wake, Stephen, ambaye naye alikuwa mkusanyaji mkubwa, wakaishi wametengana. Sterling hakupenda ushauri wa wataalamu. Alinunua alichokipenda, na alichokipenda zaidi ni Renoir: alikusanya zaidi ya picha 30 zake, karibu zote za miaka ya ujana na utu uzima. Zile za uzeeni, zenye miili mizito ya rangi nyekundu, hakuzitaka. Ladha hiyo inatueleza kwa nini mwogaji wa 1881 alimteka. Yuko palepale Renoir alipogeuka, bado ana mwanga wa zamani na tayari ana umbo jipya.

Kwa miongo picha zake zilikaa nyumbani au stoo, hazionekani na watu. Alipoamua kujenga makumbusho alichagua Williamstown, mbali na miji mikubwa, na inaelezwa kwamba hofu ya mabomu ya nyuklia ya miaka ile ya Vita Baridi ilichangia uamuzi huo. Milango ilifunguliwa Mei 1955. Yeye akafariki Desemba 1956.

Mwaka 1926 una uzito wa pekee katika orodha hii. Wachunguzi wa umiliki wakifungua faili la picha yoyote iliyotoka Ulaya, macho huenda kwanza kwenye miaka ya 1933 hadi 1945, wakati Wanazi walipowanyang'anya Wayahudi makusanyo yao kwa wizi wa wazi, kwa mauzo ya kulazimishwa au kwa kodi za kukimbilia uhai. Picha iliyokuwa tayari mikononi mwa Mmarekani mwaka 1926, na ikabaki kwake hadi kuingia makumbusho yake, haina swali la miaka hiyo. Nyingine nyingi za Renoir hazina bahati hiyo.

Mfano mmoja unaonyesha vizuri tundu linavyofanya kazi. Renoir alipokuwa mwisho wa maisha yake, mwaka 1919, alichora wanawake wawili bustanini. Picha hiyo ilikuwa ya Alfred Weinberger, mkusanyaji Myahudi wa Paris, aliyeiweka katika chumba cha hazina cha benki alipokimbia mji. Desemba 1941 Wanazi waliichukua humo. Haikuonekana tena hadi ilipouzwa Johannesburg mwaka 1975. Kisha ikapita London mwaka 1977 na Zurich mwaka 1999. Mikono yote hiyo, na kila mmoja huenda alikuwa na risiti yake. Risiti hazikutosha. Kwa sheria ya Uingereza na ya Marekani, asiyekuwa na haki na kitu hawezi kumpa mwingine haki hiyo kwa kumuuzia, na msingi huo umo pia katika sheria za mauzo ya bidhaa za Kenya na Tanzania zilizotokana na za Waingereza. Katika nchi nyingi za bara la Ulaya mnunuzi wa nia njema hulindwa zaidi, na muda ukipita hulindwa zaidi tena. Ndiyo sababu nchi ambamo picha inakutwa ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1998 serikali 44 zilikubaliana Washington juu ya kanuni za kutafuta suluhisho la haki kwa mali hizi, ila kanuni zile si sheria, na hazimfungi mtu binafsi. Picha ya Weinberger ilirudishwa kwa mjukuu wake mjini New York mwaka 2018, naye akaeleza kwamba angelazimika kuiuza, kwa kuwa fidia zilizolipwa kwa familia baada ya vita zilipaswa kurudishwa.

Sasa turudi kwa mwogaji wa pili. Renoir alimchora mwaka 1882, na tofauti zake na yule wa kwanza ni za mkono uliokwisha kuijua njia: mwili umezidi kukaa imara, na usuli umetulia. Huyu ndiye aliyefika kwa Clark wa pili, Kenneth Clark, aliyezaliwa London mwaka 1903, akawa mkurugenzi wa National Gallery, jumba la picha la taifa mjini humo, akiwa kijana wa miaka thelathini tu. Wakati wa vita ndiye aliyesimamia kuhamishwa kwa picha za taifa hadi ndani ya machimbo ya mawe huko Wales. Baadaye televisheni ilimfanya ajulikane na mamilioni. Fedha za familia yake zilitoka Paisley, Scotland, kwenye kiwanda cha uzi wa kushonea. Mababu zake ndio waliojulikana kwa kuuza uzi wa pamba uliozungushwa kwenye kigurudumu cha mbao. Basi Clark wa Marekani alikuwa wa cherehani, Clark wa Uingereza alikuwa wa uzi, na kila mmoja akawa na mwogaji wake.

Kenneth Clark hakuwa mmiliki wa kawaida. Mwaka 1953 alitoa mihadhara Washington juu ya mwili wa uchi katika sanaa, na mwaka 1956 ikatoka kama kitabu kinachosomwa hadi leo vyuoni. Ndani yake mwogaji wa Renoir amepewa nafasi ya heshima, kama uthibitisho kwamba uzuri wa Wagiriki uliweza kuzaliwa upya katika karne ya 19. Picha aliyoiandikia ilikuwa yake, ilining'inia nyumbani kwake. Hilo halibatilishi aliyoyasema. Nayaona kuwa miongoni mwa maneno mazuri zaidi yaliyowahi kuandikwa juu ya Renoir, na pengine uzuri wake umetokana na kuiona picha kila asubuhi, kwa mwanga wa kila msimu. Lakini msomaji ana haki ya kujua. Sifa za msomi mkubwa hupandisha bei ya kitu, na orodha ya umiliki ndiyo inayotuonyesha msomi alisimama wapi alipokuwa akisifu.

Clark aliiuza picha hiyo angali hai, na hatimaye ikawa ya Giovanni Agnelli, bwana wa kampuni ya magari ya Fiat, na mkewe Marella. Picha ikiwa katika nyumba za watu, vitabu huitaja kwa maneno mawili tu: mkusanyiko binafsi. Si lazima maneno hayo yafiche ubaya. Mara nyingi mwenye mali anaogopa wezi na watoza kodi, na dalali anaheshimu faragha yake. Ila kwa mtafiti ni mlango uliofungwa, na hufunguka pale tu mwenye mali anapoamua. Akina Agnelli waliamua mwaka 2002. Juu ya paa la kiwanda cha zamani cha Fiat huko Lingotto, mahali magari mapya yalipokuwa yakijaribiwa kwa kuzungushwa kwenye barabara iliyojengwa ghorofani, msanifu Renzo Piano alijenga chumba cha chuma na kioo kwa ajili ya kazi 25 kutoka mali yao: Canaletto, Matisse, Modigliani, Picasso, na mwogaji wa 1882. Agnelli alifariki Januari 2003, miezi michache baada ya ufunguzi, na picha ikabaki chini ya taasisi yenye jina lake na la mkewe.